Namba ya mwenzako: kisa cha mtihani wa Chalinze

Tarehe 5 na 6 Oktoba 2022, watoto zaidi ya milioni 1.3 wa Tanzania Bara walifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Siku chache baadaye ikaanza kuzunguka video ya mwanafunzi wa kike kutoka shule moja ya binafsi ya Chalinze, mkoani Pwani. Alikuwa anaeleza kwamba ndani ya chumba cha mtihani namba yake ilibadilishwa, akatakiwa atumie namba nyingine. Suala likamfikia Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likachunguza, na shule ile ikafungiwa kuwa kituo cha mitihani.

Jina la mtoto sitalitaja, wala la shule. Yalitajwa vya kutosha wakati ule, na sioni kwa nini mtoto wa umri ule aendelee kubeba uso wake kwenye simu za watu wasiomjua kwa sababu tu alisema kweli. Nina hamu zaidi na kile chumba cha mtihani na kilichokuwa kinapita kichwani mwa mtoto kabla hajafungua mdomo.

Tukisema "uadilifu wa watoto" huwa tunamfikiria mtoto aliyedokoa sukari, aliyechungulia daftari la jirani, aliyesema amepiga mswaki wakati mswaki mkavu. Mtu mzima tunamweka upande wa pili, anarekebisha. Chalinze iligeuza meza. Agizo lilitoka kwa wakubwa, na aliyesema "hii si sawa" alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo swali la kujiuliza katika kisa hiki ni gumu kidogo kuliko lile la kawaida: tumewahi kumfundisha mtoto namna ya kumkatalia mkubwa?

Kwanza tuelewe kilichokuwa mezani. Msahihishaji wa mtihani wa taifa hamjui mtahiniwa. Anachokiona ni karatasi yenye namba ya kituo na namba ya mtahiniwa. Namba ndiyo mtoto mwenyewe, na ukiihamisha umehamisha jasho la miaka saba. Tena tazama hesabu yake: kubadilishana namba ndani ya shule moja hakuupandishi wastani wa shule hata kwa pointi moja. Alama ni zilezile, zimebadili mwenyewe tu. Katika wizi wa mtihani tuliouzoea, ule wa kuvujisha maswali, anayeibiwa ni taifa zima, na mtoto anaweza kujidanganya kwamba hakuna aliyeumia. Katika kubadili namba, anayeibiwa ni mtu mmoja mwenye jina, amekaa dawati lilelile, na anayemwibia ni mtu anayeamkiwa shikamoo kila asubuhi.

Hili halikutokea kwenye nchi isiyojua udanganyifu. Mtihani wa darasa la saba wa 2011 uliisha kwa wanafunzi 9,736 kufutiwa matokeo, na mwaka uliofuata zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza wakagundulika hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 2018 NECTA ilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Wilaya ya Chemba, Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, na watoto wakarudia mtihani Oktoba 8. Mwaka huohuo wa kisa chetu, matokeo yalipotangazwa Desemba 1, 2022, watahiniwa 2,194 walifutiwa kwa udanganyifu na vituo 24 vikafungiwa. Ukiyasoma matangazo ya namna hii kwa miaka, utaona kwamba mtoto ndiye anayefutiwa, lakini mara chache sana mpango ni wa mtoto. Mtoto wa miaka 13 hana ufunguo wa stoo ya mitihani.

Kuna jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa chungu. Mtihani ule wa 2022 ulikuwa na karatasi sita, mojawapo ikiwa ya Uraia na Maadili. Somo hilo wakati ule lilifundishwa kuanzia darasa la tatu, na moja ya umahiri mkuu uliotajwa kwenye muhtasari wake ni "kuwa mwadilifu". Mtoto amefundishwa maana ya uadilifu, amekariri faida zake, ametaja viashiria vya rushwa, kisha ndani ya chumba kilekile anachoulizwa maswali hayo anaona namba yake inahama. Somo si baya, nimeona walimu wanalifundisha vizuri. Lakini mfano wa kitabuni karibu kila mara ni wa mtoto na mwenzake, au wa raia na ofisa fulani wa mbali: askari wa barabarani, karani wa zahanati. Hakuna zoezi linalouliza, "Mwalimu wako mwenyewe akikuambia ufanye jambo lisilo la kweli, utamwambia nini?" Swali hilo lingemtia mwandishi wa kitabu matatani, na hata mwalimu wa kulifundisha angelisoma haraka na kufungua ukurasa unaofuata.

Chukua ripoti ya mwisho wa muhula inayoletwa nyumbani. Chini ya alama za masomo kuna sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, usafi, utii, heshima, uaminifu, ushirikiano. Mwalimu wa darasa mwenye watoto 90 anaijaza usiku, na kwa haki yake, anajaza A na B kwa mkono uliochoka. Utii A, uaminifu A. Mistari miwili inafuatana, na hakuna anayewaza kwamba siku moja inaweza kugombana. Mzazi naye akisoma anaridhika, mtoto ana adabu. Chalinze ilikuwa siku ya mistari hiyo kugombana. Kuandika namba uliyoambiwa ni utii. Kusema "siyo yangu" ni uaminifu. Huwezi kupata A zote mbili.

Sasa jiweke kwenye dawati lile. Umri wako miaka 12 au 13. Nje yupo askari. Mbele yupo msimamizi usiyemjua, ametoka shule nyingine. Umeambiwa kwa wiki nzima kwamba ukizungumza ovyo utafutiwa matokeo. Anayekuelekeza uandike namba nyingine ana mamlaka juu yako, na muda unakwenda. Watoto wengi wangefanya nini? Wangeandika. Na wangeandika bila kujihisi wametenda dhambi yoyote, kwa sababu kila walichofundishwa tangu wakiwa chekechea kinasema mwalimu anajua zaidi. Wengine wangeandika huku tumbo linauma, wakanyamaza mpaka leo. Wachache wangeandika kisha wakasema baadaye. Na mmoja mmoja angeng'ang'ania palepale.

Nasisitiza hilo ili tusimgeuze mtoto wa Chalinze malaika. Kumsifu kwamba ni "shujaa wa kipekee" kunatupa sisi nafasi ya kukaa pembeni, kana kwamba ujasiri ule ni kipaji cha kuzaliwa kama sauti nzuri. Mimi naona alikuwa na vitu vitatu vya kawaida kabisa. Aliijua namba yake kwa kichwa. Alijua kwamba namba ile ni haki yake, na si fadhila ya shule. Na alikuwa na sababu ya kuamini kwamba akisema, yupo mtu mzima atakayemsikiliza bila kuanza na "wewe mtoto acha uongo". Vyote vitatu vinaweza kufundishwa, na cha tatu kinafundishwa nyumbani kabla ya darasa la kwanza.

Shuleni, mahali pa kuanzia hapako kwenye mtihani wa taifa. Pako kwenye orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua: mwalimu anatoka, monita anabaki mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina. Mwalimu akirudi, walioandikwa wanachapwa au wanapelekwa kufagia uwanja. Ndani ya dakika 20 hizo kuna serikali nzima. Rafiki wa monita hapigi kelele hata akiimba. Mwenye ubuyu au shilingi mia jina lake linafutwa kwa mate. Aliyegombana na monita jana anaandikwa na alama za kuzidisha, "x3". Kabla mtoto hajakutana na trafiki wala mizani ya barabarani, ameshatoa rushwa na kupokea rushwa darasani, na mwalimu ameiidhinisha kwa kuipokea orodha bila kuuliza.

Mwalimu anayetaka watoto waadilifu angeweza kuifuta kesho asubuhi. Na kama ni lazima iwepo, basi aliyeandikwa aulizwe mbele ya wote, monita aseme alichosikia, na monita wa wiki hii arudi kuwa mwanafunzi wa kawaida wiki ijayo, chini ya yule aliyemwandika. Nimeona madarasa yanayozungusha umonita hivyo. Karatasi inakuwa fupi sana.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuchongea. Watoto wana sheria yao kali kuliko ya shule: usimchome mwenzako. Anayesema kwa mwalimu anaitwa mnoko, anatengwa kwenye mpira. Wakubwa nao wanaisaidia sheria hiyo bila kujua. Mtoto akija nyumbani na habari ya dada yake kuvunja kikombe anaambiwa "acha umbea". Akinyamaza siku dada anapofanyiwa jambo baya anaulizwa "mbona hukusema?" Tumempa amri mbili zinazopingana na hatujampa kipimo cha kuzitenganisha. Kipimo kipo, tena mtoto wa darasa la pili anakielewa: ukisema, unataka mtu apate shida, au unataka mtu atoke kwenye shida? Habari ya kikombe kwa kawaida ni ya kwanza. Habari ya namba iliyobadilishwa, ya mwalimu anayemshika mwanafunzi vibaya, ya mwenzako anayenyang'anywa hela ya chakula kila siku, ni ya pili. Ile ya kwanza unaweza kumjibu "nendeni mkayamalize". Hii ya pili unaacha ulichokuwa unafanya, unakaa chini.

Nyumbani mambo ni madogo zaidi, na labda kwa sababu hiyo yanazama zaidi. Mwenye duka anagonga mlango kudai. Baba yuko sebuleni, kavua shati, anaangalia mpira. Anamnong'oneza mtoto: "Mwambie sipo." Kuna kichekesho cha zamani cha mtoto anayetoka na kusema, "Baba amesema hayupo," na watu wazima wote tunacheka. Tunachekea nini hasa? Mtoto katika kichekesho kile amefanya kitu kigumu sana, ametii na kusema kweli kwa pamoja, na zawadi yake ni kofi baada ya mgeni kuondoka. Akishapata kofi hilo mara mbili, mara ya tatu atasema "hayupo" bila kupepesa. Huyu huyu ndiye tunayetaka siku ya mtihani aseme "siyo namba yangu".

Vilevile kuna kazi ya nyumbani inayofanywa na mwalimu wa tuisheni, halafu mzazi anasaini kwamba imefanywa na mtoto. Kuna mzazi anayeuliza kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, wiki ya mtihani, "jamani nani kapata pepa?", na mtoto anasoma juu ya bega lake. Mzazi huyo anampenda mwanawe, na hofu yake inaeleweka. Mbuzi ameuzwa ili ada ilipwe. Lakini mtoto anapokea ujumbe kwamba kufaulu kuna mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na familia nzuri ni ile inayojua mlango wa nyuma uko wapi.

Na jinsi tunavyowasifu. Mtoto akipata alama nzuri tunamwita kipanga, "huyu ana akili sana". Utafiti uliochapishwa 2017 na Li Zhao, Gail Heyman na wenzao ulionyesha kwamba watoto wa miaka 3 na 5 waliosifiwa kuwa na akili walikuwa wepesi zaidi kudanganya kwenye mchezo kuliko waliosifiwa kwa namna walivyofanya kazi ile mara hiyo. Haishangazi. Ukishaitwa kipanga una cheo cha kulinda, na cheo hulindwa kwa njia yoyote. Shule nazo zilikuwa hivyohivyo. Kwa miaka mingi kila matokeo yalipotoka zilitangazwa shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na kwa shule ya binafsi orodha hiyo lilikuwa tangazo la biashara. Januari 2023, miezi michache baada ya kisa cha Chalinze, Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA, Athumani Amasi, alitangaza matokeo bila orodha hizo. Walimu na wamiliki wengine walilalamika. Kwangu mimi hatua hiyo imefanya makubwa zaidi kwa uadilifu wa watoto kuliko semina nyingi, kwa sababu imepunguza kitu ambacho watu walikuwa tayari kukiibia.

Tufike kwenye fimbo, maana hakuna mazungumzo ya tabia za watoto Tanzania yanayoikwepa. Kwa kanuni za 2002, viboko shuleni havizidi vinne, hutolewa na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha, na huandikwa kwenye daftari maalumu. Kila mtu anajua kinachofanyika kweli. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa kwa tuhuma za kuiba pochi ya mwalimu. Machi mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu adhabu ya kifo mwalimu aliyempiga. Sitaki kukitumia kifo cha mtoto kushinda mabishano. Nasema tu kwamba fimbo ile ilikuwa inatafuta ukweli.

Je, fimbo huleta ukweli? Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti walioufanya katika shule mbili za Afrika Magharibi zenye watoto wa familia zinazofanana. Moja ilichapa, nyingine haikuchapa. Watoto wa miaka 3 na 4 waliachwa chumbani na mdoli uliokuwa nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke kuuangalia. Wengi wa shule zote mbili waligeuka, watoto ni watoto. Walipoulizwa kama waligeuka, katika shule isiyochapa waliodanganya walizidi nusu kidogo. Katika shule ya fimbo karibu wote waliogeuka walikana, na walipohojiwa zaidi walijua kuulinda uongo wao vizuri kuliko wenzao. Fimbo ilikuwa imewafundisha kitu kweli, na wakakifaulu.

Kwa mwalimu au mzazi hili lina maana ya vitendo. Kosa na ukweli wa kosa vipewe hesabu tofauti. Mtoto aliyekula hela ya daftari anairudisha, hata kama ni kwa kuosha vyombo wiki nzima, hilo halipungui. Lakini akisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, asifokewe mbele ya wageni, na asikumbushwe tena mwezi ujao. Mtoto anayejua kwamba kusema kweli kunamaliza jambo atasema. Anayejua kwamba kusema kweli kunafungua jalada lisilofungwa atajifunza kunyamaza, na siku atakapokuwa na jambo kubwa la kukuambia atanyamaza vilevile.

Kuna suala dogo linalowagawa walimu: mtoto anakurudishia karatasi akisema, "Mwalimu, umenipa 38, nimejumlisha ni 33." Ufanye nini? Wapo wanaomwachia zile tano kama zawadi ya uaminifu. Nawaelewa, moyo unataka kumpa kitu. Lakini hiyo inageuza ukweli kuwa biashara, na wiki ijayo utaletewa karatasi tatu zenye makosa ya kujumlisha ambayo hayapo. Mimi naona apewe 33 yake, aambiwe asante mbele ya darasa, na kwenye ripoti mstari ule wa uaminifu ujazwe kwa tukio hilo lenye tarehe badala ya herufi tupu. Mzazi akisoma "Machi 14, alirejesha alama zilizozidi" ataipiga picha ripoti hiyo.

Kumkatalia mkubwa nako kunafanyiwa mazoezi, kwa sauti, kama tunavyofanyia mazoezi salamu. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hawezi kubuni papo hapo maneno ya kukataa yasiyosikika kama kiburi. Mpe maneno. "Samahani mwalimu, hii siyo namba yangu, yangu ni hii." "Samahani mjomba, mama amesema nimwambie kwanza." "Naomba nimuulize baba." Waigize darasani: mmoja awe mkubwa, ashinikize, apandishe sauti, aseme "unanibishia mimi?", na mwingine abaki na maneno yaleyale, mikono nyuma, macho chini kama adabu inavyotaka, ila jibu lisibadilike. Watoto watacheka sana mwanzoni. Mwalimu akicheza sehemu ya mkubwa mbaya watacheka zaidi, kisha watanyamaza watakapoona mwenzao hakubadili jibu. Nyumbani mzazi anaweza kufanya hivyohivyo kwa jambo dogo, kumwambia mtoto siku moja, "Leo nikikuambia uniongopee kwa mgeni, nikatalie." Baba anayeweza kuvumilia kukataliwa na mwanawe wa miaka tisa sebuleni kwake, amempa mtoto huyo kitu ambacho shule haiwezi kumpa.

Wapo watakaosema tutalea watoto wabishi. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani hawezi kufundisha kama kila agizo linajadiliwa. Lakini mtoto aliyefundishwa vizuri hakatai kufagia, hakatai kukaa kimya, hakatai kurudia hesabu. Anakataa mambo ya aina chache sana: kusema uongo, kuchukua cha mtu, kumwonea mtu, kuguswa asivyotaka. Mtoto wa Chalinze alifanya mtihani wote, hakugoma.

Udhaifu mkubwa wa kisa kile, kwangu, ni njia ambayo ukweli ulipitia. Ulihitaji video. Kama kusingekuwa na simu yenye kamera na mtu mzima wa kuirekodi, na kama video ile isingevuma, mtoto angebaki na neno lake dhidi ya shule. Sasa fikiria mtoto wa kijiji kisicho na mtandao, ambaye bibi yake anatumia kitochi. Kwenye karatasi njia zipo: mwalimu mkuu, kamati ya shule, ofisa elimu kata, na simu ya msaada kwa mtoto, 116, isiyo na malipo. Waulize watoto wa la saba wa shule iliyo karibu nawe wataje hata mbili. Na mwalimu mkuu akiwa ndiye mwenye mpango, ngazi ya kwanza imeshakatika. Kila shule ingepaswa kuwa na mtu mmoja wa nje, anayejulikana kwa sura, mjumbe wa kamati ya shule au mzazi aliyechaguliwa na wazazi, anayeonyeshwa kwa watoto mwanzoni mwa mwaka: huyu ukiwa na jambo la shule usiloweza kumwambia mwalimu, mwambie yeye. Na wiki ya mtihani, kila mzazi wa la saba ajue namba ya mtoto wake na amuulize jioni, kabla ya kuuliza maswali yalikuwaje: "Umeandika namba gani?"

Katika kelele zote za wakati ule sikusikia wengi wakimzungumzia mtoto wa pili. Ukihamisha namba, upo upande unaopoteza na upo upande unaopokea, na pande zote mbili zimekaa watoto. Anayepewa alama za mwenzake huenda hakuombwa ridhaa, huenda hata hakuelewa. Au alielewa nusu, akaambiwa "wewe andika tu". Akifaulu kwa njia hiyo ataingia kidato cha kwanza na kukaa kwenye masomo asiyoyaweza, akijua kwamba watu wazima waliompenda hawakuamini kwamba angeweza mwenyewe. Hilo ni jeraha pia, ingawa halilalamikiwi. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa uaminifu kwanza. Anahitaji mzazi wa kumwambia: alama zako 19 kwa 50 ni zako, tutaanzia hapo, Jumatatu tunarudia sehemu na asilimia, na kama ni ufundi utakwenda ufundi kwa jina lako na namba yako.